Simu Iliyolala Kifudifudi

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa nimepanga ndoo kwenye foleni ya maji. Namba siijui. Ulisema mtu fulani, jina lake kamili kwa herufi kubwa, amekimbia deni; kwamba mimi ni mdhamini wake; kwamba nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni, la sivyo picha yake itasambazwa. Sijawahi kumdhamini mtu maishani mwangu, hata mume wangu. Lakini jina nililijua. Ni mama wa kwaya yetu, anaimba sauti ya pili, na asubuhi hukaanga vitumbua kwenye njia panda ya kwenda shule ya msingi. Baadaye nikaja kujua kwamba ujumbe uleule ulimfikia mchungaji, mwalimu wa kwaya, muuza unga wake, na ndugu yake mmoja wa Singida ambaye hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mitatu.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri pembezoni mwa Dar es Salaam. Niko kwenye kamati ya diakonia, yaani ya kuwahudumia wahitaji, ile ambayo washarika wengi hudhani kazi yake ni kugawa mchele wakati wa Pasaka. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asijulikane, na jina sitalitaja. Aliniomba jambo moja tu: nisimfanye shujaa. "Mama, andika kwamba nilikuwa naogopa, na bado naogopa."

Basi nianze na hofu yenyewe, maana ndiyo tuliyoichelewa.

Hofu yake ilikuwa na saa zake. Saa tisa usiku ilimwamsha, akalala macho akisikiliza mbwa. Saa kumi na moja aliamka kuchanganya unga, na hapo alipumua kidogo, kwa sababu hakuna afisa mikopo anayepiga simu alfajiri. Ikifika saa mbili simu huanza. Aliizima sauti, akailaza kifudifudi chini ya kanga iliyokunjwa pembeni ya jiko, na kila baada ya kugeuza vitumbua aliitazama ile kanga kama mtu anayetazama shimo alikoona nyoka akiingia. Kutoka nyumbani hadi njia panda ni mwendo wa dakika tano kwa barabara, lakini alikuwa akipita uchochoroni na ndoo ya unga kichwani, dakika kumi na tano, ili asipite mbele ya ofisi fulani. Mlio wa pikipiki ukipunguza mwendo nje ulimkata tumbo. Na mumewe ni dereva wa bodaboda. Kwa hiyo kila jioni, mumewe aliporudi, alimwogopa kwa sekunde kadhaa kabla ya kumtambua.

Mtoto wake wa darasa la pili alikuwa amefundishwa kwenda mlangoni na kusema, "Mama hayupo." Somo hilo alilijua kuliko hesabu.

Jumuiya yetu husali kila wiki nyumba kwa nyumba. Zamu yake ilipofika alisema mtoto anaumwa. Ilipofika tena alisema wana msiba wa mbali. Sisi tukasema huyu dada amepoa kiroho. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo tulivyosema, na mimi nilikuwemo.

Jioni ya siku ile ya ujumbe nikaenda kwake, Biblia kwapani. Nikamkuta ameketi gizani, umeme upo. Hakulia. Nikamwambia nimepata ujumbe wa ajabu, bila shaka ni matapeli. Akadakia haraka: ni matapeli, mama. Nami, badala ya kukaa kimya, nikahubiri. Nikasema, "Mwanangu, Mkristo haogopi. Neno 'usiogope' limeandikwa mara 365 kwenye Biblia, moja kwa kila siku ya mwaka." Nikaomba kwa sauti kubwa. Akasema "Amina, mama," akanisindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote, na kwa wiki tatu zilizofuata hakuja kwenye kwaya wala ibadani.

Hapo nitasimama kidogo. Kwanza, hiyo hesabu ya 365 si kweli. Nimeitamka madhabahuni zaidi ya mara moja, nikiwa nimeisikia kwa watu waliokuwa wameisikia kwa watu. Baada ya kisa hiki nilikaa na kalamu na itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoonyesha kila neno limeandikwa wapi. Haifiki hata karibu. Pili, na hili ndilo zito zaidi, yule mama tayari alikuwa na mzigo mmoja wa kuogopa. Mimi nikamwongezea wa pili: aibu ya kuogopa. Kama Mkristo haogopi, na yeye anaogopa hadi tumbo linamuuma, basi yeye ni nani? Jibu alilijua mwenyewe, akaacha kuja.

Nimejiuliza sana tulipata wapi fundisho hilo. Halitoki kwenye Zaburi. Zaburi ya 56 inasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku hiyo ipo, na mwenye zaburi anaiita yake. Kichwa cha zaburi kinaiweka siku ambayo Wafilisti walimkamata Daudi huko Gathi, na ukirudi kwenye kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 21, unakutana na jambo ambalo shule ya Jumapili hawalichezi kwenye igizo. Daudi, yule yule wa kombeo na jiwe, anamkimbia Sauli na kuingia Gathi, mji wa Goliathi, akiwa amebeba upanga wa Goliathi aliopewa na kuhani kule Nobu. Anatambuliwa. Anaogopa sana. Anajifanya mwendawazimu, anakwaruza milango, anaachilia mate yatiririke ndevuni. Huyo ndiye tunayemwambia mama wa vitumbua ajifunze ushujaa kwake. Naam, ajifunze, lakini asomewe kisa chote.

Katika wiki zile tatu hakuwa amekaa bure. Alikuwa akienda mkesha wa Ijumaa kwenye huduma moja ya ng'ambo ya barabara kubwa, na si mara ya kwanza. Alikuwa ameshaenda miezi miwili kabla, kwa siri. Sitaki kuwacheka waliokesha naye. Anasema ndio waliokuwa watu pekee waliomshika mkono. Huko aliambiwa ana roho ya madeni ya ukoo, na kwamba ifungwe kwa sadaka ya ukombozi. Alitoa shilingi 50,000. Hizo fedha alizitoa wapi? Alizikopa kwa aplikesheni ya simu, ambayo ilimwingizia 60,000. Ni aplikesheni hiyohiyo iliyotutumia ujumbe Jumanne ile. Yaani deni lililomwanika kwa watu wote lilikopwa ili kununua nafuu ya hofu ya madeni.

Nilikasirika sana niliposikia. Halafu nikakumbuka bahasha zetu za ahadi, na namna tunavyosoma majina ya waliokamilisha, tukiwaacha wasiosomwa wahesabiane kimya kimya kwenye mabenchi. Hasira ikapungua, haikuisha.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa mahubiri. Alhamisi moja jumuiya ilikuwa kwangu, akaja, nadhani kwa sababu nyumba yangu iko mwisho wa uchochoro na haionekani barabarani. Somo lilikuwa Wafalme wa Pili sura ya 4, mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Mume amekufa, alikuwa mcha Mungu, na ameacha deni. Anayedai amekuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Somo hili hutumika sana kwenye semina za ujasiriamali. Mwinjilisti wetu, kijana mpole asiyependa kelele, hakwenda huko. Aliuliza swali moja: "Majirani walijuaje?"

Tukanyamaza. Akasema soma tena. Nabii Elisha hamwambii kwanza ajifungie ndani. Anamuuliza, "Una kitu gani nyumbani?" Kisha anamtuma nje, kwa majirani wote, akaazime vyombo vitupu, "wala usitake vichache." Ndipo mlango unafungwa, na mafuta yake kidogo yanavijaza vyombo vyote, auze alipe deni. Bibi mmoja mkongwe, ambaye kwa kawaida husinzia, akasema: "Sasa mimi nikija kwako kuazima ndoo, na sufuria, na madumu, yote matupu, si utaniuliza ya nini? Na kwa yule wa pili? Mtaa mzima utakuwa unajua ifikapo jioni." Watu wakacheka. Mwinjilisti hakucheka. Akasema, "Ndiyo. Muujiza wake ulipitia kwenye aibu hiyo." Akafunga kwa sala, tukanywa chai.

Wengine walipoondoka alibaki kuosha vikombe. Mimi nilikuwa nafuta. Bila kugeuka akasema, "Mama, mimi naogopa simu."

Sikusema chochote. Ni Mungu tu aliyenifunga mdomo, maana si kawaida yangu. Akaendelea kuosha kikombe kilekile kwa muda, kisha maneno yakatoka yote kwa mpigo, mpaka maji ya kwenye beseni yakapoa.

Sura ya tatu ya Mwanzo ndiyo mahali pa kwanza mtu anapotamka hofu katika Biblia: "Nalisikia sauti yako bustanini, nikaogopa kwa kuwa mimi ni uchi, nikajificha." Nimelisoma neno hilo tangu kipaimara na sikuwahi kuona kwamba Adamu alikuwa anajibu swali. Mungu alikuwa ameuliza, "Uko wapi?" Na jibu lile, pamoja na ubovu wake wote, ni la mtu ambaye ametoka kichakani walau kwa sauti. Ndilo jibu nililolisikia jikoni kwangu. Tangu Alhamisi hiyo nimeacha kuamini kwamba kazi ya imani ni kumwondolea mtu hofu kwanza ndipo aweze kutembea. Yule mama alianza kutembea siku aliyosema anaogopa, mbele ya mtu na mbele za Mungu, kwa sentensi moja.

Kesho yake tukachukua daftari la mtoto na kuandika. Nilimuuliza kwanza, kabla ya kufungua karatasi yoyote, anadhani anadaiwa kiasi gani. Akasema kama milioni mbili, pengine zaidi. Tukaorodhesha.

Kampuni moja ya mikopo ya mtaani, ile yenye ofisi aliyokuwa akiikwepa: alikopa 500,000, akapata mkononi 470,000 baada ya kukatwa fomu na kile walichokiita bima, arejeshe 650,000 kwa wiki kumi, yaani 65,000 kila wiki. Alikuwa amelipa wiki nne. Zimebaki 390,000. Mkopeshaji binafsi: 200,000, riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Miezi mitatu amelipa 40,000 kila mwezi, jumla 120,000, na deni bado ni 200,000 ileile, haijapungua hata shilingi. Aplikesheni: 60,000 iliyokuwa imefika 110,000 kwa faini. Kikoba cha akina mama wa mtaani: 150,000, na mweka hazina wake anasimama naye bega kwa bega kwenye kwaya.

Jumla 850,000.

Aliitazama ile namba muda mrefu. Si ndogo. Lakini si milioni mbili. Hofu haikuwahi kukaa na daftari. Kila saa tisa usiku ilikuwa ikijumlisha upya kwa kichwa na kila usiku ilikosea kwa upande uleule. Tukaandika na faida ya vitumbua: siku nzuri 12,000, siku sita kwa wiki, haizidi 72,000. Ukitoa rejesho la 65,000 zinabaki 7,000 za kulisha watu watano. Kwa hiyo alichukua mkopo wa pili ili alipe wa kwanza, na wa tatu kwa ajili ya wa pili na sadaka ya ukombozi. Hakuna roho ya ukoo hapo. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, na watu wazima waliomkopesha waliiona hesabu hiyo kabla yake. Mtaani mikopo hii inaitwa kausha damu, na aliyeipa jina hilo hakutia chumvi.

Lakini kulikuwa na mstari mmoja ambao hakutaka niuandike. Mkopeshaji binafsi alikuwa ameshika dhamana. Ilikuwa kadi ya pikipiki ya mumewe. Aliitoa kabatini, chini ya nguo za Krismasi za watoto, mumewe akiwa kijiweni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maafisa mikopo, ujumbe na picha vilikuwa matawi tu. Shina lilikuwa kitandani mwake.

Nilimuuliza kama mumewe humpiga. Swali hilo siku hizi naliuliza kabla ya kutoa ushauri wowote wa "nenda kamweleze mumeo", na nawasihi wazee wenzangu waliulize, kwa sababu kuna nyumba ambazo kumpeleka mama akaungame peke yake usiku ni kumpeleka kwenye kipigo, na hilo haliitwi imani. Akasema hapana, hajawahi. Hununa. Anaweza kununa wiki nzima, na watoto wakanyamaza pamoja naye.

Akaniuliza aombe nini. Nilikuwa na sala tatu tayari, nzuri, zenye aya. Nikamwambia aombe anachotaka kusema. Akafumba macho: "Bwana, naogopa. Nitamwambia Jumapili. Usiniache nikiwa katikati ya maneno." Basi. Petro alipoanza kuzama alisema fupi zaidi, "Bwana, niokoe," na hakukosolewa kwa ufupi. Tukaandika ile Zaburi 56:3 kwenye ukurasa wa daftari ulio mkabala na madeni, ili daftari likifunguliwa vionekane vyote viwili.

Jumapili usiku, baada ya watoto kulala, akamweleza. Alitetemeka mikono, akaisahau aya aliyoikariri, akaanza na deni dogo kabisa. Alipofika kwenye kadi, mumewe akasimama, akavaa koti, akatoka, akasukuma pikipiki mpaka barabarani ndipo akaiwasha, kwa kuwa watoto wamelala. Alirudi saa sita usiku. Siku tatu hakusema neno. Mke akaendelea kupika na kukaanga vitumbua, na anasema zilikuwa siku tatu mbaya kuliko zote, lakini usiku wa pili alilala mpaka saa kumi na moja. Hakuamka saa tisa. Hakuwa na lolote jipya la kusikiliza.

Siku ya nne mume akauliza, akifunga kamba za viatu: "Kadi iko kwa nani?" Ndipo ikatoka na hofu yake mwenyewe. Alikuwa anajua. Wiki mbili nyuma trafiki alimsimamisha akamwomba kadi, akaitafuta nyumbani asiione, akafikiri pengine mkewe ameiuza au ana mpango wa kuondoka. Aliogopa kuuliza. Watu wawili, chumba kimoja chenye pazia katikati, kila mmoja akijificha nyuma ya ukimya wa mwenzake.

Yaliyofuata yanachosha kuyasimulia kwa sababu ni ya ofisini, lakini humo ndimo ujasiri ulimotumika. Walikwenda wote wawili kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayekopesha kama biashara awe na leseni ya Benki Kuu, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, riba haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji binafsi hakuwa na leseni. Alipoitwa aling'aka kwanza, akasema huyu mama ni tapeli, na mama akajibu, sauti ikimkatika, "Mimi si tapeli, mimi nimechelewa." Ziliandikwa karatasi: 200,000 kwa awamu nne za 50,000, hakuna riba tena, kadi irudi baada ya awamu ya kwanza. Zile 120,000 za riba zilikwenda na maji. Mume alitaka kuzidai, mke akamshika mkono.

Kwenye kampuni aliingia kwa mlango wa mbele, mimi nikiwa nyuma yake, na anajua mwenyewe ni mara ngapi aligeuka njiani. Aliomba mkataba wake. Hakuwa na nakala! Walikubali kugawa upya 390,000 zilizobaki, 30,000 kwa wiki, wiki 13. Kwa nini walikubali upesi sijui, ila niliona meneja akitazama lile daftari la mtoto lenye tarehe na mihuri ya risiti zilizobandikwa kwa gundi ya unga.

Aplikesheni ilikuwa miongoni mwa zile 69 ambazo Benki Kuu ilizitangaza Novemba 2024 kwamba zinakopesha bila kibali. Tulimweleza kwamba kuanika taarifa za mtu namna ile kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo Tume ya kupeleka malalamiko. Alisikiliza, akasema atarudisha 60,000 waliyompa kwa sababu aliitumia, faini hatalipa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemshauri. Alikaa na simu akawaandikia watu wote waliokuwa wamepata ule ujumbe, mmoja mmoja: "Ni kweli nadaiwa. Wewe si mdhamini wangu. Samahani kwa usumbufu. Nitalipa." Kwa ndugu wa Singida aliongeza salamu za mama. Ujumbe wa vitisho ulipokuja tena haukuwa na cha kufichua.

Fedha zilitoka hivi: waliuza friji kuukuu kwa 180,000. Kikoba kikalipwa chote, 150,000, kwa sababu aliona wanawake wale ndio waliokopesha jasho lao. 30,000 ikawa rejesho la kwanza la kampuni. Aplikesheni na awamu ya kadi zilitoka kwenye boda. Kamati yetu ya diakonia haikulipa deni hata moja, kwa kuwa mfuko ulikuwa na 40,000 na wagonjwa wawili. Yule bibi anayesinzia alimwazima chuma cha pili cha vitumbua, na jumuiya ikaanza kununua kwake badala ya mikate ya dukani. Mauzo yakapanda, si kwa kufurika mafuta mitungini, bali kwa vitumbua kama sitini zaidi kwa siku.

Kuhusu simu tulienda taratibu. Simu moja kwa siku, mimi nikiwa nimekaa kando. Siku ya kwanza aliipokea akakata. Siku ya pili alisema "Haloo" na kuilaza mapajani huku mtu akiongea. Ya tatu alijibu. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio kiasi kwamba nilimpeleka zahanati akapimwe presha. Ilikuwa juu kidogo, akapewa tarehe ya kurudi, akarudi. Mchungaji wetu alimwambia mbele yangu kwamba kumeza dawa na kuomba havigombani, na namshukuru kwa kulisema wazi, kwa sababu si wote husema.

Sisi tunaofundisha kipaimara tunawakaririsha watoto maelezo ya amri ya kwanza katika Katekisimu Ndogo, yanayoweka kumcha Mungu, kumpenda na kumtumaini kwenye sentensi moja. Luther aliiandika mwaka 1529 kwa ajili ya watu wa kawaida wa nyumbani. Nimemuuliza yule mama kama aliikumbuka katika miezi ile. Akacheka. Akasema alikumbuka neno "kuogopa" tu, akadhani ndilo lililokuwa linamhusu.

Hadi naandika haya amebakiza wiki nne za kampuni na awamu moja ya mkopeshaji. Kadi imerudi kabatini, chini ya nguo zilezile. Kwaya amerudi, ingawa Jumapili mbili zilizopita hakuja, na nilipompitia aliniambia ukweli: aliona tu uso wa mtu fulani getini akageuza njia. Saa tisa usiku bado humwamsha, si kila siku.

Jumamosi nilikuwa kwake na daftari. Mtu akagonga. Yule mtoto wa darasa la pili akachomoka mbio, na kabla hajauliza ni nani, akasema kwa mazoea, "Mama hayupo."

Kutoka uani, penye jiko, tukasikia: "Nipo! Mwambie akae, mikono ina unga."